Msumari wa Mwisho

Bosi alininyang'anya nyundo mbele ya mafundi wote na mteja mjamzito aliyekuja kuchukua kitanda cha mtoto.

"Wewe usiguse. Msumari wa mwisho hupigwa na mwanamume aliyezaa. Usije ukamtia mteja nuksi."

Mtu akacheka nyuma yangu. Karakana nzima ilijua kwamba hospitali imesema tatizo ni langu, si la mke wangu. Mama yangu mzazi ndiye aliyekuja kuwatangazia.

Kila ubao wa kitanda kile niliupiga msasa mimi, nikaupitisha shavuni, usije ukamkwaruza mtoto.

"Baba Pacha, malizia," bosi aliamuru.

Baba Pacha ni fundi wetu wa rangi. Tulikuwa hatujasalimiana tangu tulipogombania benchi la kazi. Aliipokea nyundo, lakini hakupiga.

"Wale pacha niliwakuta kwa mama yao nilipomwoa," alisema. "Mimi sizai. Na kitanda cha mjukuu wako nilikimalizia mimi. Ana nuksi yule?"

Bosi alisogea kando ya kitanda.

Baba Pacha akanisukumia nyundo kifuani. "Piga, bwana, unatuchelewesha. Na uache kulia chooni, tunakusikia. Jioni nisubiri getini, kuna mambo hujui."

Nilimtazama mteja. Akatikisa kichwa kukubali.

Msumari uliniponyoka, ukaanguka. Baba Pacha akauokota, akausimamisha juu ya ubao kwa vidole vyake mwenyewe.

"Ukinipiga," alisema, "tutapigana."