Sarafu Yenye Tundu

Bi Siwema, sonara, alikuwa akichagua sarafu kuukuu za fedha alizoletewa na mgeni. Alitaka hata zilizolika, maana sarafu ya kuyeyushwa hailipiwi sura, hulipiwa uzito. Kila moja aliiangusha juu ya jiwe, akasikiliza mlio wake.

Ya mwisho ilikuwa na tundu, na uzi mweusi ukining'inia.

Tundu lile alilitoboa mwenyewe, akaifunga sarafu mkononi mwa mwanawe Faki iwe kinga ya safari.

"Hiyo nakupa bure," alisema mgeni, akiuegemea mlango. "Mbona unatetemeka, mama?"

"Baridi tu, mwanangu."

Aliupapasa uzi. Fundo lake lilikuwa bado limekaza. Uzi ulikuwa umekatwa kwa kisu.