Dakika Arobaini za Sauna

"Hapana! Nimekwambia saa mbili ni nyingi!"

"Na mimi nimekwambia, mama, kompyuta yenyewe ni kuukuu. Inajikokota kama ng'ombe mgonjwa. Unakimbilia wapi? Hata barafu ya bandarini bado haijayeyuka."

"Nina dakika arobaini. Basi."

Veikka akaweka bisibisi mezani. Miaka mitano anatengeneza kompyuta kwenye kiduka kile, wateja wabishi amewazoea. Lakini huyu mama Tuire alikuwa na jambo. Koti hakulivua. Kahawa aliyomiminiwa ilikuwa imepoa, na hakuna mtu wa mji ule anayeacha kahawa ipoe.

"Kwa nini arobaini?"

Mama Tuire akatupa jicho mlangoni. "Mume wangu anaingia sauna, chumba cha kuoga mvuke, kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Anatoka saa kumi na mbili na dakika arobaini. Miaka ishirini na sita sasa. Kengele ya kanisa inaweza kukosea, Olavi hakosei."

"Na unataka kunakili vitu vyake akiwa humo."

Mama akasukuma kikombe pembeni.

Mji mzima ulikuwa unaongea jambo moja tu: kuna mtu kwenye kiwanda cha meli ameuza nje michoro ya meli mpya ya kuvunja barafu. Jumatatu wapelelezi wa Helsinki wangepita nyumba kwa nyumba, wakusanye kompyuta za kila mchoraji. Olavi alikuwa mchoraji. Mkewe pia, chumba kimoja, meza zimetazamana.

"Mzee Olavi? Acha hizo, mama! Yule ndiye alinifundisha kushika chuma cha kulehemu, shule iliponishinda. Yule hata pipi hawezi kuiba."

"Mimi nimesema ameiba?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ila akifuta kabla ya Jumatatu, nani ataniamini mimi?"

"Na kompyuta yako je?"

"Yangu niliwapelekea hao wapelelezi mwenyewe wiki iliyopita. Wameshanirudishia. Safi."

Akatoa simu, akaonyesha picha ya mgongo wa kompyuta ya mumewe. Veikka akaikuza kwa vidole viwili. Moyo ulikuwa unamuuma, lakini kazi ni kazi.

"Haya, tazama. Matundu haya meusi ndiyo kila mtu anachomeka. Humo ni saa mbili na ushee, huna bahati. Lakini ona hili jembamba hapa pembeni. Hili ni la diski tu, linaingia moja kwa moja kwenye ubao mkuu wa kompyuta, kama diski ya ndani. Watu wanakaa nalo miaka na hawalijui."

"Dakika ngapi?"

"Inategemea. Zile saa mbili nilikisia tu. Mzigo ni gigabaiti ngapi hasa?"

"Mia mbili na hamsini." Alijibu papo hapo, wala hakufikiri.

"Basi kusoma ni dakika thelathini."

"Na kuandika?"

"Kuandika kunakuhusu nini, mama? Wewe unataka kusoma kilichomo. Kuiandikia diski yake ndiko kunakovuta miguu kidogo, thelathini na tano hivi, lakini hiyo si shida yako."

"Thelathini na tano," mama Tuire akarudia taratibu, kama anakariri sala.

Veikka akashusha waya kutoka rafuni, na pembeni yake akaweka diski mpya, bado imo kwenye karatasi yake.

"Diski ninayo," mama akasema. "Nipe waya tu."

"Sawa. Lete hiyo diski tuupime."

"Si lazima."

"Lazima. Hapa waya hautoki bila kupimwa, bosi ataning'oa masikio. Na ukifika nyumbani ukagoma, mzee yuko sauna, utampigia nani?"

Mama Tuire akasita. Nje gari la kukwangua theluji likapita, vioo vikatetemeka. Mwishowe akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa diski iliyofungwa kwa soksi ya sufu.

"Usifungue kitu chochote. Pima kasi tu."

"Sina haja ya kufungua. Kompyuta inaweka faili lake la majaribio, inahesabu sekunde, inalifuta. Mchezo umeisha."

Akachomeka. Taa ndogo ya kijani ikawaka, diski ikaanza kuguruma kwa chini. Akabonyeza kipimo.

Kipimo kikagoma.

Akachomoa, akapuliza kichwa cha waya, akachomeka tena. Kikagoma tena. Akainama karibu na kioo cha kompyuta kusoma maandishi mekundu. Waya haukuwa na kosa. Akayasoma mara ya pili, midomo ikicheza.

"Mama Tuire," akasema polepole, "hii diski imejaa pomoni, gigabaiti mia mbili na hamsini zote. Hata faili moja haiingii. Sasa vitu vya mzee utaviweka wapi?"

Mama akanyoosha mkono juu ya meza, akachomoa diski, akaivisha soksi yake bila haraka yoyote. Waya akaukunja, akautia mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama Veikka usoni.

"Thelathini na tano za kuandika," akasema. "Una uhakika?"

Hakungoja jibu. Akageuka, akatoka.