Wa Mwisho Bado

Barabara ya kutoka mjini ilikuwa moja tu, na leo ilikuwa ya mashindano ya baiskeli. Klemensia alisimama langoni mwa mji, nyuma ya kamba, ameshika kisanduku chenye gauni lake moja na viatu vyote vya mumewe, ili asije akamfuata.

"Niache nipite, baba."

"Hapiti asiye na baiskeli," alisema mzee mlinda kamba. "Wa mwisho bado."

Wa mwisho, kijana mmoja, alikuja na baiskeli yake akiyumba juu ya mawe ya barabara ya kale, jasho limemkaukia usoni. Alipofika mbele yao miguu ikamgomea. Akaketi chini. "Mimi basi. Baiskeli achukue anayeitaka."

Dirisha likafunguliwa juu yao. "We Klemensia! Viatu vyangu umevipeleka wapi?"

Klemensia akakiweka kisanduku mapajani mwa yule kijana, akainama chini ya kamba, akakunja gauni, akapanda.

Mzee akatazama dirishani. Akamtazama mwanamke. Kisha akapuliza filimbi.

"Mpisheni! Wa mwisho anapita!"

Mtaa mzima ukapiga makofi. Mteremko ulianzia pale langoni, na Klemensia hakuzitafuta breki.