Kimo cha Bi Somoe

Salha, mgawa dawa za matende, aliegemeza ubao wa kupimia urefu mlangoni kwa Bi Somoe, maana idadi ya vidonge hufuata kimo cha mtu. Bibi akavua kandambili, akasimama wima.

“Vitatu, bibi,” akasema Salha.

“Mwaka jana ulinipa vinne! Mmeukata ubao?”

“Ubao ni uleule, bibi.”

Bi Somoe akavimeza. Salha alipokwenda kwa jirani, yeye akaingia chumbani kuishusha msumarini kofia ya marehemu mumewe, aifue kama afanyavyo kila Idi ikikaribia. Akanyoosha mkono. Vidole vikaishia ukutani, chini ya msumari. Akatazama sakafu, akatazama msumari, akajinyoosha tena.

“Kwani wewe umepanda?” akaiuliza kofia. “Hebu shuka.”