Salamu za Shemeji

Mlango wa Ambakisye uligoma kumsikia. Siku hizi kila chombo huamriwa kwa sauti, na sheria ni moja: sauti ikinaswa kwenye redio isiyo na kibali, inafungwa, na hakuna chombo kitakachoitii tena. Aliyemchongea kwa wakubwa alikuwa shemeji yake Mwasomola, mume wa dada yake Tusekile.

Ambakisye hakulalamika. Alichimbua kanda za kipindi cha salamu, enzi redio ya kijiji ikiwa na kibali na Mwasomola hakosi kusalimia, akarusha moja hewani kwa redio hiyohiyo, sasa isiyo na kibali.

Kesho yake alimkuta Mwasomola nje ya geti lake, akilibembeleza lifunguke.

"Shemeji! Salamu zako zimetufikia. Una sauti tamu, bwana."

"Kanda uliisikiliza mpaka mwisho?" Mwasomola alimuuliza.

Hakuwa ameisikiliza. Mwishoni Tusekile alikuwa amedandia kipaza sauti, akicheka: "Na mimi namsalimia kaka yangu Ambakisye!"

Mwasomola alipoteza geti na gari. Tusekile alipoteza cherehani iliyomlisha, bomba la maji, na simu ya kuongea na mama yao aliyeko Tukuyu, kipofu, anayewajua wanawe kwa sauti tu.