Siku ya Tisa

Sheria ilikuwa moja: chanjo mpya ya saratani huanza kwa mtu wa nyumbani kwa mtafiti. Mama yake Mkawasi alijitolea mwenyewe, akajigamba mtaa mzima kwamba dawa ni ya mwanawe, aliyemaliza uzamivu juzi tu.

Siku ya tisa baada ya mama kuchanjwa, mkaguzi alikuja nyumbani na fomu.

"Shikamoo, mama. Unakula vizuri?"

"Marahaba, mwanangu. Nakula mpaka naona aibu!"

Mkawasi, aliyeketi kando ya mama yake, alihesabu siku. Kule maabara, panya namba arobaini na moja alisusa chakula siku ya tisa, kisha akafa. Kizimba chake kilikuwa na wagomvi, kwa hiyo Mkawasi aliandika kwamba aling'atwa na wenzake. Hakumpasua ahakikishe, maana ripoti ilitakiwa kesho yake.

"Weka sahihi hapa, daktari," mkaguzi alisema. "Jumatatu tunaanza na watoto wa shule."

Mkawasi alisogeza kawa mezani apate pa kuandikia. Chini yake, wali wa jana ulikuwa haujaguswa.

Aliinua macho. Mama yake alimkonyeza, vilevile alivyomkonyeza zamani alipokuwa akimfichia kosa ili baba yake asijue.