Kuku wa Onorina

Bendera ilikuwa chini ya kuku.

Onorina alikuwa ameikunja mara nne, akaitandika ndani ya kikapu, akamwatamisha juu yake kuku mweusi, mkali kuliko mbwa. Kijani ilitoka kwenye pazia la sakristia, chumba cha padri kanisani, nyeupe kwenye shuka lake la harusi, nyekundu kwenye sketi ya jirani yake, Gioconda. Ndiyo ilikuwa bendera pekee ya Italia kijijini, na jeshi la ukombozi lilikuwa mwendo wa siku mbili tu.

"Shoga, wale wa ng'ambo ya mto wanazo mbili," Gioconda alinong'ona dirishani. "Mnara wetu wa kanisa ukikaa uchi siku hiyo, watatucheka mpaka kiama."

"Achana na mnara. Fikiria shingo zetu."

Maana nyumbani kwa Onorina alilala askari. Waaustria, walioitawala Lombardia, jimbo hilo la Italia, waliwagawa askari wao nyumba kwa nyumba, na yeye, mjane, akaangukiwa na mmoja mwenye masharubu ya kuning'inia na Kitaliano cha kuokota njiani. Aliyekutwa na kitambaa cha rangi zile tatu alipelekwa ngomeni, na waliopelekwa ngomeni hawakuwa wakirudi.

Onorina alisali rozari kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwa askari. Aliona mengi. Aliona anavyomwagia ugali pilipili nyekundu ya unga mpaka sahani inawaka kama jehanamu. Aliona sajini akimzaba kofi kwa sababu ya wimbo wa kwao aliouimba akipiga viatu rangi.

"Hata wenyewe kwa wenyewe hawapendani," alimwambia Gioconda. "Mungu anisamehe, nusura nimwonee huruma."

Asubuhi iliyofuata alirudi kutoka misa, akakuta moto umewashwa, kikaango kiko jikoni, askari hayupo.

"Mama!" sauti ikatoka uani. "Leo wewe kaa! Mimi napika mayai!"

Onorina alikimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia tangu usichana wake.

"Mwache huyo! Ana ugonjwa!"

"Mzima kabisa, mama."

"Mayai yake yameoza!"

"Nitanusa."

"Anadonoa watu, we mtoto, shauri yako!"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kuku aliruka, akayashika masharubu, akakataa kuyaachia. Askari akapiga yowe akizunguka uani, mguu wake ukagonga kikapu. Mayai yakapasuka, na bendera ikafunguka yote juani, haina pa kujificha.

Askari akasimama. Hata kuku aliachia.

Onorina alipiga magoti palepale penye ute wa mayai, akafanya ishara ya msalaba.

"Nimeishona mwenyewe," alisema. "Gioconda hajui kitu. Padri hajui kitu. Kuku ndiyo kabisa, hajui hata amelalia nini. Nipeleke mimi, lakini ngoja kwanza nivae viatu vya maana."

Askari hakumsikia. Aliinama, akaiokota bendera, akaigeuza upande mpaka milia yake ikalala, nyekundu juu, kijani chini. Akaibusu, pamoja na ganda la yai lililonata. Machozi yakashuka mpaka kwenye masharubu.

"Miaka kumi Waaustria wanatukataza hata kuitaja," alisema. "Mama, nani alikunong'oneza kwamba mimi ni Mhungaria, hata ukanishonea bendera ya kwetu?"